Mimweko Hafifu ya Eksirei na Milipuko ya Miale ya Gama: Maelezo Gani Yachaguliwe, na kwa Ushahidi Upi

Tangu darubini ya anga za juu ya Einstein Probe iliporushwa kutoka Xichang, nchini China, tarehe 9 Januari 2024, wanaastronomia wamekuwa wakipokea mara kwa mara matangazo yanayofanana: mahali fulani angani, ambapo hapakuwa na chanzo chochote kilichojulikana, eksirei za nishati ndogo zimechomoza, zimedumu sekunde au dakika kadhaa, kisha zimefifia hadi zisionekane tena. Darubini hiyo hutazama zaidi ya nyuzi za mraba 3600 za anga kwa wakati mmoja, katika nishati za kati ya kiloelektronivolti 0.5 na 4, na kwa hiyo hunasa mambo ambayo vyombo vilivyotangulia viliyapata kwa bahati. Swali linalofuata kila tangazo ni hili: je, tumeuona mlipuko wa miale ya gama kwa upande wake wa nishati ndogo, au tumeona kitu kingine kabisa?

Majibu yanayotolewa ni machache na yanajulikana, lakini huchaguliwa kwa haraka mno. Ninayalinganisha hapa kwa ajili ya mwanafunzi, mwandishi wa habari za sayansi au mpenzi wa elimu ya nyota anayetaka kujua ni maelezo gani ayaamini anaposoma tangazo la namna hiyo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kutoonekana kwa miale ya gama hakuamui lolote peke yake. Yanayoamua ni umbali wa chanzo, mahali kilipo kilele cha spektra yake (mgawanyo wa mwanga wake kwa nishati), na kile kinachojitokeza mahali palepale katika wiki zinazofuata. Aidha, naona kwamba maelezo ya mkondo ulioelekea pembeni, yaani mlipuko wa kawaida usioelekea kwetu, yamependwa kuliko yanavyostahili.

Pande mbili za ulinganisho

Milipuko ya miale ya gama iligunduliwa mwaka 1967 na setilaiti za Vela za Marekani, zilizowekwa kulinda mkataba wa kuzuia majaribio ya silaha za nyuklia, na habari zake zikachapishwa mwaka 1973. Chombo cha BATSE, kilichorushwa mwaka 1991 ndani ya setilaiti ya Compton, kilionyesha kwamba milipuko hiyo hutokea kila upande wa anga bila upendeleo, na kwamba imegawanyika katika makundi mawili yanayotenganishwa na muda wa takriban sekunde 2. Ile mirefu kwa kawaida hutokana na kuporomoka kwa kiini cha nyota kubwa, na ile mifupi hutokana na nyota nyutroni mbili (masalia madogo na mazito mno ya nyota zilizokufa) zinazogongana na kuungana, ingawa mpaka huo si imara kama ulivyodhaniwa: mlipuko ulioitwa GRB 211211A, uliodumu zaidi ya nusu dakika, ulifuatwa na mwanga wa aina inayotarajiwa katika muungano wa nyota nyutroni. Katika makundi yote mawili, nishati hutoka kupitia mkondo mwembamba wa maada unaokwenda kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, na kilele cha spektra huwa katika mamia ya kiloelektronivolti. Tukikadiria nishati kana kwamba imetawanywa pande zote kwa usawa, mlipuko wa kawaida hutoa ergi kati ya 10⁵¹ na 10⁵⁴.

Mimweko ya eksirei nayo si jambo jipya. Setilaiti ya Ariel V ilikwisha kuiona katika miaka ya 1970. Hata hivyo, uhusiano wake na milipuko ya gama ulianza kueleweka kupitia BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi iliyorushwa mwaka 1996, na baadaye HETE-2, iliyorushwa mwaka 2000. Watafiti wa HETE-2 walitumia kipimo rahisi: walilinganisha nishati iliyopokelewa kati ya kiloelektronivolti 2 na 30 na ile iliyopokelewa kati ya 30 na 400. Pale ambapo ile ya kwanza ilizidi ya pili, tukio liliitwa mmweko wa eksirei. Walipopanga matukio yao kwa kipimo hicho, hawakupata pengo lolote kati ya mimweko na milipuko ya kawaida. Matukio yalijipanga kwa mfululizo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ushahidi huo wa mfululizo ndio msingi wa kudhani kwamba kwa sehemu kubwa tunashughulika na familia moja.

Maana tatu za "hakuna gama"

Tangazo linaposema kwamba hakuna miale ya gama iliyoonekana, msomaji anapaswa kuuliza ni nani aliyekuwa akitazama. Setilaiti ya Fermi huizunguka dunia kwa karibu, na dunia yenyewe huifunika sehemu kubwa ya anga mbele yake. Kifaa cha BAT kilichomo katika setilaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, huona sehemu ndogo tu ya anga kwa wakati mmoja. Kifaa cha Konus kilichomo katika chombo cha Wind kiko mbali na dunia na huona karibu anga lote, lakini si chepesi kuhisi matukio yaliyo dhaifu. Kwa hiyo kauli hiyo moja inaweza kumaanisha kwamba hapakuwa na chombo kilichoelekea upande ule, au kwamba miale ilikuwepo chini ya uwezo wa chombo, au kwamba kweli haikuwepo. Ni maana ya tatu tu inayodai maelezo mapya, na ndiyo ngumu kuliko zote kuithibitisha.

Umbali nao huweza kuugeuza mlipuko halisi wa gama uonekane kama mmweko wa eksirei. Mfano bora ni EP240315a, ulioonekana Machi 2024. Mwanga wake ulikuwa umevutwa kuelekea wekundu kwa kipimo z, ambacho hukua kadiri chanzo kilivyo mbali, cha 4.859, kumaanisha kwamba ulitoka ulimwengu ulipokuwa na umri wa zaidi kidogo ya miaka bilioni moja. Katika umbali huo, fotoni, yaani chembe ya nuru, iliyotoka ikiwa na kiloelektronivolti 300 hutufikia ikiwa na takriban 51, na muda wote wa tukio hurefuka mara 5.859. Mmweko huo ulipolinganishwa na kumbukumbu za vyombo vingine, ilibainika kwamba miale ya gama ilikuwepo pia, nao ukaitwa GRB 240315C. Lakini eksirei zilianza dakika kadhaa kabla ya gama, na ziliendelea kwa zaidi ya sekunde 1000 wakati gama zilidumu sehemu ndogo tu ya muda huo. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana mara ya kwanza. Linaonyesha kwamba hata katika mlipuko ambao hakuna anayeutilia shaka, gama ni kipande tu cha tukio, na kwamba kile tulichokiita mwanzo wa mlipuko kwa miaka mingi huenda kilikuwa katikati yake.

Mkondo ulioelekea pembeni

Maelezo ya kwanza yanasema kwamba mmweko hafifu ni mlipuko wa kawaida uliotazamwa kutoka nje ya ukingo wa mkondo wake. Hoja yake ya kifizikia ni safi. Maada inayokwenda karibu na kasi ya nuru hurusha mwanga wake mbele, na mtazamaji aliye pembeni hupokea fotoni chache zenye nishati iliyopungua. Tuchukue mkondo wenye kigezo cha Lorentz (kipimo cha jinsi kasi inavyokaribia ile ya nuru) cha 100, na mtazamaji aliye nyuzi 3 nje ya ukingo: nishati ya kila fotoni hupungua takriban mara 28, na kilele kilichokuwa kwenye kiloelektronivolti 300 huonekana kwenye 11 hivi. Hapo mlipuko wa gama umekwisha kuwa mmweko wa eksirei bila chochote ndani yake kubadilika.

Ugumu ni kwamba jumla ya nishati inayopokelewa hushuka kwa kasi kubwa zaidi kuliko nishati ya fotoni moja moja. Mahali ambapo kilele kimeshuka mara 28, jumla inaweza kushuka mara mamia hadi maelfu. Tukio lenye ergi 10⁵² machoni pa aliye mbele ya mkondo huonekana na aliye pembeni kama lenye ergi 10⁴⁹ au chini yake, na tukio hafifu namna hiyo huonekana tu likiwa karibu nasi kwa viwango vya ulimwengu, au mtazamaji akiwa ukingoni kabisa. Kwa hiyo anayependekeza maelezo haya kwa mmweko wenye mwangaza mkubwa ulio mbali sana anapaswa kubeba mzigo wa kuthibitisha.

Kipimo chake kipo. Mkondo unapopunguza kasi, mwanga wake huanza kutawanyika na hatimaye humfikia hata aliye pembeni. Kwa hiyo mng'ao wa baadaye, katika redio na eksirei, unapaswa kupanda polepole kabla ya kushuka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa GRB 170817A, uliofuata kwa sekunde 1.7 mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota nyutroni mbili zilizoungana katika galaksi ya NGC 4993, takriban miaka ya nuru milioni 130 kutoka hapa. Darubini ya eksirei ya Chandra haikuona eksirei zake katika siku za mwanzo. Zilionekana siku ya tisa, na mng'ao uliendelea kuongezeka kwa miezi kadhaa. Mmweko unaofifia moja kwa moja tangu dakika ya kwanza, bila kupanda tena, haustahili kuitwa mlipuko wa pembeni kwa sababu tu hauna gama.

Mkondo dhaifu, au ulionaswa ndani ya nyota

Maelezo ya pili hayabadilishi mahali pa mtazamaji bali hubadilisha mkondo wenyewe. Huenda mkondo umebeba maada nyingi mno, ukashindwa kufikia kasi inayohitajika ili gama zitoke. Huenda pia ulizimika kabla ya kupenya matabaka ya nyota, ukaiacha nishati yake katika gesi moto iliyouzunguka, na gesi hiyo ndiyo iliyotoka nje ikang'aa kwa eksirei. Katika hali zote mbili injini iliyo katikati, yaani shimo jeusi changa au nyota nyutroni inayozunguka kwa kasi, ni ileile inayoendesha mlipuko wa gama. Kinachotofautiana ni kiasi cha nishati kilichofanikiwa kutoka.

Hapa ndipo ushahidi wa miaka ya karibuni ulipo tajiri zaidi, na ndiyo sababu ninayapa maelezo haya nafasi ya kwanza kwa mimweko inayofuatwa na supanova, yaani mlipuko wa nyota inayokufa. EP240414a, ulio na z ya 0.401, haukuwa na gama zilizoonekana, na kilele cha spektra yake kilikuwa chini ya kiloelektronivolti 1.3, kiwango cha chini mno hata kwa mimweko. Licha ya hayo, ulifuatwa na supanova ya aina ya Ic (ya nyota iliyopoteza haidrojeni na heliamu yake) yenye mistari mipana katika spektra, aina ileile inayoambatana na milipuko mirefu ya gama, pamoja na mng'ao wa redio wenye nguvu inayolingana na ile ya milipuko hiyo. EP250108a, ulio karibu zaidi kwa z ya 0.176, nao ulifuatwa na supanova ya aina hiyo, SN 2025kg, na baadhi ya watafiti walioufuatilia walihitimisha kwamba mkondo ulinaswa ndani ya nyota na haukuwahi kutoka. Matukio haya mawili yana nyota za aina moja na kifo cha aina moja, lakini redio ya la kwanza inaonyesha mkondo uliotoka kwa namna fulani, ilhali la pili limeacha dalili chache sana za mkondo wowote. Kuyaweka yote mawili chini ya jina moja la "milipuko iliyoshindwa" ni kupoteza tofauti ambayo vipimo vimetupatia kwa jasho.

Wimbi la mshtuko linapochomoza

Maelezo ya tatu hayahitaji mkondo hata kidogo. Kiini cha nyota kubwa kinapoporomoka, wimbi la mshtuko husafiri kuelekea nje, na linapofika kwenye uso wa nyota nishati iliyokuwa imefungwa nyuma yake huachiliwa ghafla. Kila supanova ya namna hii inapaswa kuwa na mchomozo kama huo, ila ni mfupi sana, na mtu hawezi kujua mapema atazame wapi.

Tarehe 9 Januari 2008 bahati ilitokea. Setilaiti ya Swift ilikuwa ikiitazama supanova nyingine katika galaksi ya NGC 2770, takriban miaka ya nuru milioni 90 kutoka hapa, na Alicia Soderberg na wenzake wakaona chanzo kipya cha eksirei kikichomoza na kufifia kwa muda wa dakika chache. Jumla ya nishati ya eksirei hizo ilikuwa ergi 2×10⁴⁶ hivi, yaani angalau mara elfu hamsini chini ya mlipuko wa kawaida wa gama, na palepale ikajitokeza supanova SN 2008D ya aina ya Ib. Soderberg na wenzake waliutafsiri mmweko huo kuwa mchomozo wa wimbi la mshtuko. Lakini supanova ya aina ya Ib hutokana na nyota iliyopoteza haidrojeni yake, na nyota ya namna hiyo huwa ndogo. Nuru huvuka upana wake kwa sekunde chache tu, na mmweko wa dakika kadhaa ulilazimu kudhani kwamba wimbi lilichomoza kupitia upepo mzito ulioizunguka nyota. Paolo Mazzali na wenzake, wakitumia tukio hilohilo, walipendelea mkondo dhaifu. Ikiwa mmweko wa karibu namna hii, uliotazamwa tangu mwanzo wake, umewagawanya wataalamu, basi tahadhari kuhusu ule ulio mbali mara kumi inastahili kuwa kubwa zaidi.

GRB 060218 ndio unaosimama mpakani. Ulidumu takriban sekunde 2000, kilele chake kilikuwa karibu na kiloelektronivolti 5, na ndani ya spektra yake mlikuwa na sehemu ya joto iliyopoa polepole, kama inavyotarajiwa kwa wimbi linalochomoza. Lakini nishati yake, ergi zipatazo 6×10⁴⁹, ni kubwa mara elfu kadhaa kuliko ile ya mmweko wa 2008, na wapo wanaoamini kwamba injini ilichangia. Kigezo ninachokitumia kati ya maelezo ya pili na ya tatu ni nishati pamoja na redio: mmweko wenye nishati ndogo, spektra ya joto na redio dhaifu unaelekea kwenye wimbi la mshtuko, na kila kimojawapo kinapokiuka hali hiyo, mkondo unapaswa kurudishwa mezani.

Magneta, na wasiohusika

Maelezo ya nne yanatuondoa kwenye nyota kubwa. Nyota nyutroni mbili zinapoungana bila kuwa shimo jeusi mara moja, kinaweza kuzaliwa kitu kiitwacho magneta: nyota nyutroni yenye usumaku mkali sana inayojizungusha mara mamia kwa sekunde, ikiwa na akiba ya nishati ya mzunguko inayoweza kufikia ergi 10⁵² na zaidi. Upepo wake hutoka kwa upana, si katika mkondo mwembamba, na kwa hiyo mtazamaji aliyekosa gama za mlipuko mfupi bado anaweza kupata eksirei. Chandra, katika mrundiko wa sekunde milioni 7 za kutazama kipande kimoja cha anga la kusini, ilinasa mmweko wa Machi 2015 uitwao CDF-S XT2, wenye z ya 0.738. Mwangaza wake ulibaki karibu sawa kwa takriban sekunde 2000, kisha ukashuka kwa kanuni inayokaribiana na kinyume cha mraba wa muda, kama magneta inayopoteza mzunguko wake inavyotarajiwa kufanya, na mahali pake palikuwa pembeni ya galaksi yake. Mwenzake, CDF-S XT1 wa Oktoba 2014, hakuonyesha kipindi hicho cha mwangaza uliotulia, na sioni sababu ya kuwachukulia kuwa kitu kimoja kwa kuwa tu walipatikana katika picha zilezile.

Wasiohusika nawapitia haraka. Nyota ndogo nyekundu zilizo jirani nasi hutoa milipuko ya eksirei inayoweza kudanganya, na vivyo hivyo nyota nyutroni zinazonyonya gesi ya nyota wenza ndani ya galaksi yetu. Hawa huondolewa kwa kuangalia iwapo katika nafasi ileile ipo nyota inayojulikana. Nyota kibete nyeupe inayoraruliwa na shimo jeusi la ukubwa wa kati nayo imependekezwa kwa baadhi ya mimweko, na ni pendekezo la kuzingatiwa pale ambapo mengine yote yameshindwa.

Ushahidi kwa mpangilio wa uzito

Anayefuatilia tangazo jipya na kutaka kuchagua kati ya maelezo haya aanze na umbali, kwa kuwa bila z hakuna nishati, na bila nishati maelezo yote manne yako sawa. Spektra ya mng'ao wa baadaye katika mwanga wa kawaida ndiyo njia bora ya kuupata, na ikikosekana, galaksi iliyo karibu na nafasi ya mmweko itumiwe kwa tahadhari, hasa ikiwa nafasi yenyewe haijulikani kwa usahihi. Kilele cha spektra kifuate, pamoja na maelezo ya vyombo gani vya gama vilikuwa vikitazama. Kisha subira: supanova ya aina ya Ic hufikia upeo wake takriban wiki mbili baada ya kifo cha nyota, na kwa chanzo chenye z ya 0.4 muda huo hurefuka hadi karibu siku 20, kwa hiyo hukumu iliyotolewa katika wiki ya kwanza kuhusu kuwepo au kutokuwepo kwa supanova haina msingi. Kwa vyanzo vilivyo mbali zaidi, supanova huwa hafifu mno kwa darubini nyingi za ardhini, na kutoonekana kwake hakuondoi nyota kubwa katika orodha. Redio huja mwisho lakini hudumu kuliko vyote, na ndiyo inayosema kama mkondo ulitoka, ulitoka upande gani, na ulikuwa na kasi kiasi gani.

Kwa upande wa magneta, hata vipimo hivyo vyote vikipatikana, bado ni umbo la mwangaza tu linalotuongoza, na umbo huweza kuigwa na gesi inayoendelea kuangukia shimo jeusi. Kitakachotenganisha ni mmweko wa eksirei utakaoonekana pamoja na mawimbi ya mvutano ya nyota nyutroni mbili, karibu kiasi kwamba vigunduzi viweze kupima uzito wa nyota hizo. Uzito huo ndio utakaosema kama kilichobaki kingeweza kusimama kama nyota kwa sekunde 2000, au kilikuwa kimekwisha kuwa shimo jeusi kabla eksirei hazijaanza kushuka.